Kibendera Ambacho Sikukiinua

Shuleni Muleba,
Wilaya ya Bukoba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
19 Oktoba 1969.

Mpendwa kaka Protase,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, hujambo huko Masaka, wewe na shemeji Kemilembe na watoto? Mguu wako unaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho ulisema umeanza kuukanyagia bila fimbo, nasi tukamshukuru Mungu. Sisi huku tu wazima, ila Mama anakohoa asubuhi, na akiulizwa anasema ni moshi wa jikoni. Hospitali hataki kuisikia. Unamjua.

Mvua zimewahi mwaka huu. Kibanja kinakwenda vizuri isipokuwa migomba ya upande wa bondeni, ambayo majani yake yameanza kunyauka, nami nimeing'oa mitatu na kuichoma. Mke wangu Jovita amepanda maharage. Senene bado, lakini watoto wameshaanza kutazama juu kila jioni.

Barua yako ya furaha niliipata. Umeandika kwamba timu ya Masaka iliporudi na ushindi wake, Mzee Lubowa alichinja mbuzi, akasema mbele ya wageni wake kwamba nyumba yetu ya Kashaija ni nyumba ya watu wanaotunza ahadi. Ukaniambia nijivunie. Kaka, niliisoma mara mbili, kisha nikaificha chini ya godoro ili Jovita asiione. Wewe umesikia habari za mchezo ule kutoka kwa walioshinda. Naomba uketi unisikilize na mimi.

Unakumbuka mwaka jana timu yetu ilipokuja kucheza huko kwenu ikafungwa kwa penalti. Tulirudi tukimtukana refa wenu njia nzima, tangu mpakani hadi mjini Bukoba. Tulisema amehongwa, tulisema ana shemeji katika timu, tulisema Waganda wote ni wamoja. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wengine, hata nikaandika barua gazetini, kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu, kwamba michezo ya kimataifa haitakuwa na maana mpaka marefa wawe na dhamiri. Neno hilo nililipigia mstari. Siku hizi nikilikumbuka naona aibu.

Basi mwaka huu, tarehe 30 Agosti, ikawa zamu ya Masaka kuja Bukoba. Refa alichaguliwa Mwalimu Mushumbusi, mkuu wa shule yetu. Huyu unamfahamu kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze: ni Mlutheri, mtu wa maneno machache, ambaye akikosea hesabu ubaoni huwaomba watoto radhi. Tumefundisha pamoja miaka saba. Mimi nilichaguliwa kushika kibendera upande wa jukwaa. Tulikwenda mjini tukiwa na fahari kubwa, maana si kila siku walimu wa Muleba husimamia mchezo wa nchi mbili.

Jioni ya kabla ya mchezo wageni walikaribishwa Bakoba, kando ya mji, nyumbani kwa Mzee Rugaibula, mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Amwani, kahawa ya kutafuna, ilipitishwa kama ilivyo desturi, kila mtu akachukua punje zake za kutafuna. Hapo ndipo Mushumbusi alipofanya kosa lake la pekee. Alipasua punje moja ya kahawa, akakuta mbegu zake mbili zimekaa vizuri, akatia moja mdomoni na nyingine akampa kiongozi wa wageni, huku akicheka. Alifanya ukarimu tu. Kwao, watu wa misheni ya Kilutheri, mambo ya zamani hayatiliwi maanani. Lakini nyumba nzima iligeuka kumtazama. Mhaya gani asiyejua kwamba watu wawili wakigawana mbegu mbili za punje moja, ndivyo omukago, udugu wa kuchanjiana damu, unavyofungwa? Damu tu ndiyo iliyokosekana.

Jioni hiyohiyo kijana mmoja wa Masaka alinifuata. Ni mchezaji wao wa kushoto, namba kumi na moja. Akaniinamia, akaniita kaka, akasema baba yake, Mzee Lubowa, anawasalimu watu wa nyumba ya Kashaija. Nilimshika mikono yote miwili.

Huna haja ya kuelezwa omukago wa Tata, baba yetu, na Mzee Lubowa. Wewe ulikuwepo, ulikuwa na miaka tisa, Tata alipokwenda nawe kulima pamba Buganda akaugua, na Lubowa akamlaza nyumbani kwake miezi miwili. Ni wewe uliyewaona wakichanja ngozi karibu na kitovu na kupaka kahawa damu. Mimi niliambiwa tu, nikiwa mkubwa, na Tata mwenyewe, mwaka aliokufa. Aliniambia mtoto wa Lubowa ni mtoto wake, na kwamba anayemdhuru ndugu wa omukago tumbo lake litavimba na watoto wake hawatakua. Mimi nafundisha sayansi darasa la sita. Mimi hupokea komunyo kila Jumapili. Na bado, kaka, niliamini, na hata sasa ninapoandika sijui kama nimeacha kuamini.

Mchezo ulikuwa mzuri. Wao walitangulia, sisi tukasawazisha, uwanja ukajaa vigelegele. Zikabaki kama dakika kumi. Mpira ulipigwa mrefu kutoka kati, upande wangu, na yule kijana wa Lubowa alikuwa ameotea. Hatua mbili kamili, si za kubishaniwa. Mbele yake alikuwapo kipa wetu tu, na mimi nilikuwa nimesimama sawasawa na beki wetu wa mwisho, pale hasa anapotakiwa kusimama mshika kibendera. Niliona kila kitu. Nikaona mguu wake, nikaona mpira ukitoka kwa mwenzake, na nikajua kazi yangu ni kuinua mkono.

Mkono haukuinuka.

Nimejaribu kujidanganya kwamba nilichelewa. Sikuchelewa. Niliwaza tumbo linavimba, nikawaza watoto wangu, nikawaza Tata. Yote hayo yalipita kichwani katika muda wa pumzi moja. Mushumbusi aligeuka kunitazama, akaona kibendera changu kiko chini, akaonyesha katikati ya uwanja. Goli. Masaka wakashinda mawili kwa moja.

Yaliyofuata labda hukuambiwa. Polisi walimtoa Mushumbusi uwanjani wakiwa wamemzunguka, na koti lake lilichanika. Mimi hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenitazama hata. Watu hawakuwa na haja ya kutafuta mkosaji, maana walikuwa wamemwona kwa macho yao akigawana kahawa na wageni. Kabla hatujafika Muleba habari ilikuwa imeshatutangulia: Mushumbusi amefunga omukago na Waganda, ameiuza nchi.

Wamekosea mtu, kaka, lakini kitu chenyewe hawakukikosea. Omukago ulikuwemo uwanjani siku ile. Ulikuwa wetu.

Tangu siku ile hakuna mtu anayepokea kahawa nyumbani kwa Mushumbusi. Mke wake Verdiana huileta, wageni wanasema wameshatafuna. Migomba yake sita ilikatwa. Tulikuwa tunachagua katibu wa kijiji chetu kipya cha ujamaa, na kila mtu alijua atakuwa yeye, kwani ndiye aliyepima viwanja na kuandika majina ya watu. Jina lake likafutwa. Mzee mmoja alisimama akasema hatuwezi kujenga ujamaa na mtu aliyekula na wageni. Watu wakaitikia, nami nikiwa nimeketi katikati yao.

Mushumbusi aliniuliza mara moja tu, siku ile ya mchezo, tukiwa ndani ya basi tukirudi. Aliniuliza kama niliona vizuri. Nikasema niliona, mchezaji alikuwa sawa. Akashukuru.

Wiki sita nilibeba neno hilo. Chakula kilinishinda. Jovita alidhani ni malaria, akanilazimisha kunywa dawa chungu. Hatimaye Jumapili iliyopita, baada ya misa, kijiji kilikutana katika darasa langu, na Mzee Rugaibula alikuwa amekuja kutoka mjini kwa sababu hiyohiyo ya Mushumbusi. Nikasimama. Nikasema yote: kijana wa Lubowa aliotea, nikamwona, sikuinua kibendera, na sababu ni omukago wa baba yangu.

Unajua walifanya nini? Walinipigia makofi. Rugaibula alinishika bega akasema, «Waitu, jamani, huyu ndiye rafiki. Anakubali kujipaka matope ili mwenzake asafike.» Nikapiga kelele kwamba ni kweli. Wakazidi kunihurumia. Mmoja akasema tuulize kwa mama yake basi, wakaenda kwa Mama wakamkuta anamenya ndizi. Mama akawatazama, akasema mume wake hakuwahi kufunga omukago na mtu yeyote maishani mwake. Alisema bila kupepesa macho. Walipoondoka nikamuuliza kwa nini. Akaniambia amezika watoto watatu na hataki kunizika mimi nikiwa hai.

Siwezi kumkasirikia. Lakini nimekasirika. Nimewakasirikia wote, hao wanaopiga makofi na hao wanaokata migomba, ambao ni watu walewale. Nimejikasirikia zaidi. Nilidhani kusema kweli ni jambo gumu, kumbe gumu zaidi ni kuisema ukiwa umechelewa. Sasa kijijini nasifiwa kwa uaminifu, na Mushumbusi amekuwa mtu ambaye hata rafiki yake inabidi amdanganyie.

Na yule refa wenu wa penalti namwaza mara kwa mara. Sijui alikuwa na kosa gani. Pengine naye alikuwa na mtu wa kibendera.

Kaka, sasa ombi langu. Jumamosi ya tarehe 8 Novemba kamati itakutana mjini Bukoba kumfutia Mushumbusi urefa, na barua ya uamuzi huo itapelekwa kwa wakubwa wa elimu. Baada ya hapo hatabaki kuwa mkuu wa shule, nadhani hatabaki Muleba. Hakuna mtu aliye hai anayeweza kuushuhudia omukago ule isipokuwa Mama, Mzee Lubowa na wewe. Mama amekwisha kukana. Mzee Lubowa ni mgeni, watasema anamlipa Mushumbusi fadhila. Umebaki wewe, mwana wa kwanza wa Kashaija, uliyeona damu. Nakuomba uje usimame mbele ya kamati ile useme ulichokiona.

Najua utakachojibu. Utasema ni kumsaliti Lubowa. Simwombi Lubowa arudishe goli. Kijana alicheza mpira, mchezaji hajiamulii mwenyewe kama ameotea. Utasema jina la Tata litaaibishwa. Ni kweli, litaaibishwa kidogo, na langu litaaibishwa sana, na hayo ndiyo yanayonistahili. Utasema mguu. Nitakuja kukupokea mpakani Mutukula kwa baiskeli, nikubebe mpaka kituo cha basi.

Mpe shemeji Kemilembe salamu zetu. Jovita anamsalimu, anasema kitenge kilimfaa sana. Msalimu Joviana, umwambie mwandiko wake umekuwa mzuri kuliko wa baba yake. Msalimu Mzee Lubowa na kijana wake pia; wao hawajanikosea chochote. Mama anakusalimu, ingawa hajui ninakuandikia nini.

Nilitaka kufunga hapa, lakini kuna jambo moja sijakuambia, nalo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Jumapili ileile, baada ya makofi, nilikwenda kwa Mushumbusi. Alikuwa anasahihisha madaftari. Verdiana akaleta kahawa, nikaipokea, akasimama pale akinitazama mpaka nilipoitafuna. Nikamwambia mumewe kila kitu, na kwamba nilipomwambia kwenye basi kuwa mchezaji alikuwa sawa nilimdanganya. Hakukasirika. Alifunga daftari alilokuwa nalo mkononi, akasema:

«Nilimwona, Philbert. Aliotea, nilimwona mwenyewe. Nikageuka nikakuta kibendera chako kiko chini, nikasema basi macho yangu ndiyo yenye makosa.»

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Njoo, kaka. Mungu akulinde njiani, akuponye mguu, na atupe sote uso wa kutazamana.

Ndimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja mpakani,

Philbert Kashaija