Kamera Niliyomwekea Baba Haipigi Hodi

Jumamosi, Mbamba Bay. Joto kali, ziwa limetulia. Mimi sijatulia hata kidogo.

Simu iko mkononi tangu asubuhi. Programu inasema kamera iko hewani, lakini sebule ya baba siioni. Naona weusi mtupu.

Wiki tatu zilizopita nilipanda Kitura, kijijini kwake mlimani, kumwekea vifaa vyake vya kwanza vya nyumba janja, vile vinavyoendeshwa kwa simu. Anaishi peke yake tangu mama afariki, na siku chache kabla sijapanda alikuwa ameanguka karibu na vichanja vya kuanikia kahawa, akaumia mguu, akakaa chini mpaka jirani alipopita. Mimi ni muuguzi huku ziwani, siwezi kupanda mlima kila siku. Nikasomasoma mtandaoni, nikajiona fundi.

Taa ya kuwasha kwa simu ilinishinda siku ileile. Baba huzima swichi ya ukutani kila anapotoka, na ikishazimwa pale, simu yangu haina la kuiambia. Basi nikaitegemea kamera.

Nimekuwa nikichungulia mara kumi kwa siku. Yupo. Anatembea. Anakula. Nafunga simu, narudi wodini, najisifu kwamba namtunza mzazi.

Leo nimempigia, hapokei. Nikampigia Mama Kapinga, jirani yake, nikamwomba akaangalie upesi. Alinipigia baada ya robo saa.

"Baba yako mzima, anapalilia kahawa. Hicho kidude amekifunika mwenyewe kwa kiroba. Anasema unaingia kwake bila hodi, shikamoo hutoi, unamtazama, unaondoka. Ati mwanangu ameanza lini tabia hiyo?"

Nilitaka kucheka. Sikuweza.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia taa ya bluu ya kamera ikiwaka ajue namwangalia. Na sasa nakumbuka jinsi alivyokuwa akisimama mbele ya kamera, amevua kofia, ametulia. Nilidhani anaichunguza mashine. Kumbe mzee wa watu alikuwa anasubiri kusalimiwa.

Wiki tatu!

Kamera ina kitufe cha kuongea. Sikuwahi kukigusa, nilidhani ni cha kutishia wezi. Mchana niliposikia kwenye simu mlango wake ukifunguliwa, nilikibonyeza.

"Hodi, baba. Shikamoo."

Kiti kikaburutwa.

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Tumeongea mpaka chaji ikaniishia. Nimemwomba radhi, akasema yamekwisha. Lakini kiroba hakukiondoa, nami nimeona aibu kumwomba.

Tangu hapo nazunguka tu chumbani. Vidole vinaniwasha nifungue ile programu, ingawa najua hakuna cha kuona. Sijui kama mguu bado unamsumbua. Sijui kama usiku huu atakula.

Itabidi nimuulize.