Mke Mwenzangu Haonji Mchuzi

Mjukuu wangu dereva,

Kabla ya salamu, funga huo mdomo wako. Kuanzia leo ukipiga simu usimsimulie mkeo ulichokula njiani. Kuku wa kuchoma wa hoteli ya njia panda, samaki wa mpakani, sijui viazi vinavyolia mdomoni, vyote hivyo meza kimyakimya. Mtu mzima unaongea chakula kama uliyetolewa jela jana!

Haya, sasa hujambo? Mgongo je? Mimi ni mzima, ila magoti siku hizi ndiyo yanayoamua twende wapi. Naandika mwenyewe kwa madarasa yangu yale machache, basi ukikuta herufi imelala, iinue uendelee. Sikutaka mtu aniandikie, na kwenye simu siwezi, maana kuta za nyumba yako ni mbao tupu, ukikohoa umetangaza. Barua nampa mwenzako yule mnayemwita Breki. Nimemwapisha akukabidhi ukiwa umeegesha na umezima injini. Kama gari linatembea, lisimamishe kwanza. Sitanii.

Uliniita nije kwa sababu mkeo amekonda. Nikaja na basi, sufuria langu mapajani, kondakta akiniuliza kama ni mtoto ama ni mzigo alipishe nauli. Nilimjibu alipishe babu yake. Nilipofika, mkeo, mke mwenzangu, akanipokea kwa vicheko vyake vya siku zote, akasema mume wetu ametutelekeza wote wawili. Nikamkumbatia, nikashika mifupa. Nikaenda moja kwa moja jikoni.

Unajua mimi si wa kukaa. Nikawa naandamana naye kazini, kwenye hiyo kantini ya kiwanda cha magodoro, namenya vitunguu huku nikimwangalia. Sasa sikiliza. Mpishi haonji kwa mwiko. Anamimina tone kiganjani, analamba, anatulia kidogo, ndipo anaongeza chumvi au anaacha. Mkeo alikuwa anamimina tone kiganjani, anapeleka mkono mdomoni vizuri kabisa, halafu akigeuka anaufuta kwenye aproni. Kiganja hakijalambwa. Mchuzi ukawa siku moja chumvi tupu, siku nyingine kama maji yaliyooshea mchele. Wale vijana wa magodoro wakaanza kumtania kwamba mpishi ana mpenzi mpya. Alicheka nao, akawaambia mpenzi mwenyewe hana meno, ndiyo maana chakula ni laini.

Nyumbani ananiambia ameshiba kantini. Kantini anawaambia atakula nyumbani na bibi. Nikipakua, anazungusha wali kwenye sahani mpaka unapoa. Nami nina kiburi changu, unanijua, nikaona nadharauliwa mapishi. Nilimsema vibaya. Nilimwambia wako waliokula kwa mikono yangu wakawa wanaume wa kuendesha malori.

Kisha nikamwona nyuma ya bafu anatapika, anatema mate kwenye kopo. Nikapiga kigelegele pale pale uani, nikamwambia mke mwenzangu, umenasa mimba! Akainamisha kichwa. Nikadhani ni haya. Kabla hajafuta mdomo nilikuwa nimeshakupigia simu, na ulivyopiga ukelele hata yeye alikusikia kutoka uani. Nikamwambia na fundi cherehani wa jirani aanze kutafuta vitambaa laini. Ndivyo nilivyo, nikijua jambo nalijua lote.

Wiki iliyopita nikampikia uji mwepesi, nikaketi mbele yake kama nilivyokuwa nikiketi mbele yako ulipokuwa mgonjwa, nikasema hainuki mtu hapa. Akanywa funda moja kwa heshima yangu. Lilirudi kwa pua, na damu ndani yake. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akaniambia.

Hakuna mtoto, mjukuu wangu. Hajawahi kuwapo. Ana uvimbe kwenye njia ya chakula. Walimwingiza mpira wenye taa hospitalini wakauona, naye alikuwa anajua tangu kabla sijaja. Sikuamini, nikamburuta tukaenda wote, nikamwambia yule daktari binti aniambie mimi kwa mdomo wake. Akaniambia. Haukatiki, umeshasambaa. Hatapona. Kilichobaki, alisema, ni kuhakikisha ugonjwa unamchukua kwa wakati wake, njaa isimchukue mapema. Wanataka kumtoboa tumboni wapitishe mpira mwembamba, uji uwe unapita hapo.

Mkeo amekataa. Anasema yeye ni mpishi, hawezi kujazwa kwa bomba kama tangi la lori lako. Sasa kinachopita kooni ni maziwa kwa kijiko, na hayo nayo kwa kubembeleza, na kesho wanamlaza hospitalini. Nilimuuliza kwa nini hakukanusha siku ile ya kigelegele. Akasema alikusikia kwenye simu, na tangu mama yako afariki hajawahi kukusikia ukifurahi vile, akashindwa kukunyang'anya. Kisha akaniapisha nisikwambie mpaka umalize safari hii. Niliapa. Sasa nimevunja, na hilo nitalijibu mwenyewe kwa Mungu. Neno la mtoto lilitoka kinywani mwangu, wala sitamwachia mgonjwa kazi ya kulirudisha.

Lia huko uliko, umalize. Hapa sitaki machozi yanayoshindana na yake.

Msalimie utingo wako, na huyo Breki mwambie nimemshukuru. Fundi cherehani anakusalimu. Yeye nimeshamwambia, akavikunja vitambaa vyake. Mkeo hajui kama nimeandika.

Sasa fanya hivi. Mwachie Breki lori, mwenye mali akipiga kelele mwambie azungumze na mimi. Panda basi, usipitie nyumbani, njoo hospitali, wodi ya wanawake, ghorofa ya juu. Usimuulize kwa nini alificha. Keti kitandani pake, umwombe akubali kutobolewa. Mimi amenikatalia, daktari amemkatalia. Wewe usikubali kukataliwa. Njoo.

Bibi yako