Jina la Kitwa Kwenye Takataka

Kamina, tarehe 14 Machi

Kwa Yaya wangu Lucienne, dada yangu mkubwa,

Ninakusalimia katika jina la Bwana, wewe na shemeji Ézéchiel na batoto bote hapo Bukama. Kile kikohozi chako kimekwisha? Sisi tunapumua, lakini moyo hauko mzima.

Yaya, unajua ninafanya kazi kwa Mama Émerence, anayeshona sare za kwaya hapa mtaa wa Base. Wateja wa duka lake wanaagiza kwa fomu ya mtandao, na mimi ndiye ninayeisoma. Tangu Novemba fomu ilijaa uchafu wa mashine: matangazo ya kamari, dawa za kunenepa, maandishi ya Kirusi, mamia kila siku. Kwaya moja ya Kaniama ilikosa sare za Noeli kwa sababu oda yake ilizama humo. Mama Émerence akasema nitafute njia. Nikaweka kanuni: ujumbe usio na namba ya simu uende katika takataka, na baada ya siku saba ufutike wenyewe. Uchafu ukapungua. Alinisifu mbele ya mafundi wote.

Jumanne akanipigia mama mmoja wa Likasi, Gracia, kwa simu ya pasta wake; huyo pasta ndiye aliyeitafuta namba yangu kwa pasta wetu. Alieleza kwamba ndugu yetu Kitwa alipanga chumba kwake. Alikuwa mgonjwa wa mapafu, na simu yake iliibiwa pamoja na namba zetu zote. Alikumbuka jina la duka la Mama Émerence tu. Akaazima simu ya mpita njia, akajaza fomu, nafasi ya namba akaiacha wazi. Yaya, walimzika Ijumaa.

Gracia akaniuliza polepole: "Alikuwa anangojea jibu kila siku. Hamukuipata fomu yake?"

Nilimjibu kwamba mashine iliifuta. Wewe siwezi kukudanganya. Nililiona jina lake katika takataka, nikaufungua ujumbe. Aliandika: "Débora, mimi njo Kitwa. Niko mugonjwa huku Likasi. Mukuye munichukue." Nilikumbuka kwamba hakuja kumzika mama yetu, hasira ikanishika. Nikasema moyoni, naye angojee kidogo. Nikaufunga. Niliporudi kuutafuta, siku saba zilikuwa zimepita, na sikumwambia mtu.

Ninajua kilio cha Kitwa kitawekwa kwako. Kama hutaki nikanyage hapo, mtume shemeji aniambie, nitabaki Kamina.

Uwabusu batoto. Mungu akushike kwa mkono wake, kwa maana wangu ulimwacha Kitwa.

Mdogo wako,
Débora