Sinki Juu ya Kioo

Shosti uko wapi?? Nimejifungia chooni hapa kazini nacheka mpaka machozi.

Unaikumbuka laptopu yangu ya bei poa, ile ya kukunja mpaka inakuwa kama tableti? Ile bosi anayoiita mdoli wa watoto?

Leo kaja mteja wa makabati ya jikoni. Bosi kaninyang'anya laptopu, kaikunja, kamwonyesha mchoro WANGU. "Huu nimeuchora mwenyewe, wiki nzima." Mwenyewe! Halafu kanigeukia: "Dada, tuletee chai."

Nikaleta. Na yangu pia, nikakaa.

Mteja akasema, "Hebu nichoree sinki hapa dirishani nione."

Shosti!! Bosi kachukua kalamu ya ubaoni, ile ya wino mzito, kachora sinki juu ya kioo cha laptopu yangu. JUU YA KIOO! Kalamu ya laptopu yenyewe, ile isiyo na wino, ninayo mimi, mfukoni.

Mteja akatia kidole ausogeze mchoro. Jiko zima likaenda, sinki likabaki palepale limeganda.

"Si umesema umechora wewe?"

Bosi jasho linamtiririka, ananikonyeza nimwokoe. Mimi? Nikanywa chai yangu kwanza. Taratibu.

Mteja akauliza, "Kwani aliyechora ni nani?"

Nikatoa kalamu mfukoni, nikaiweka mezani. Nikamgeukia bosi kwa adabu zote: "Samahani bosi, tuletee kitambaa."

Kakileta, shosti. Na kafuta mwenyewe.