Baba, Jambia Lile Halikuwa Lako

Kwako baba yangu, uliyelala makaburi ya Ngombezi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sikulelewa kuanza kusema na baba kabla ya kumwamkia. Barua hii naiandika wazi, asome atakaye, kwa sababu yaliyotokea baina yetu watu wanayasimulia, na wengi wanayasimulia vibaya. Wanasema Mwantumu alimwaibisha baba yake siku ya matanga. Hawasemi yalianzia wapi.

Unakumbuka tulivyoanza? Mama alikuwa hajatimiza mwaka tangu afe. Wewe ulikuwa fundi wa korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake, na kila jioni ulirudi kambini umelowa maji ya mkonge, unajikuna mikono mpaka kwenye viwiko. Tulikula bila kuzungumza. Jumapili moja ukanichukua Korogwe kununua chumvi, na kwenye duka la Bwana Jiwa, jirani na stesheni, tukamkuta mwenyewe anatoboa gunia la sukari kwa kisu kirefu chenye mpini wa mbao. Ukasimama pale ukikitazama hata ukasahau ulichofuata.

"Hicho si kisu cha dukani," ukasema. "Hiyo ni singe. Ilikuwa inafungwa kwenye mdomo wa bunduki ya Mdachi."

Bwana Jiwa akacheka. "Basi niletee kuku wawili, mzee, uichukue. Mimi nataka kitu cha kutoboa gunia, vita sitaki."

Jumapili iliyofuata tulikwenda na kuku wetu, nikiwa nimemshika mmoja kwapani. Tuliporudi na singe ile uliisugua kwa mchanga na jivu mpaka ikawa kama kioo, ukampelekea Mzee Kombo, mlinzi wa ghala, aliyewahi kuwa askari wa Mdachi. Nilidhani atakusifu. Akaigeuza huku na huku, kisha akakurudishia.

"Umefuta, Ramadhani. Hapa karibu na mpini palikuwa na namba na herufi za kikosi. Ndizo zinazosema kisu ni cha nani. Sasa umebakiwa na chuma."

Ulisikitika kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Lakini Mzee Kombo alikuhurumia, akatufundisha sote wawili. Kutu isiyokula ndani iachwe. Mafuta ya nazi yapakwe kidogo tu, kwa kitambaa laini. Wakati wa masika kisu kisikae ndani ya ala ya ngozi, maana ngozi inafyonza unyevu. Na mara ile tulipouziwa sime ya mhunzi iliyotiwa mpini wa singe, kule mnadani Handeni, ndiye aliyetuonyesha pale chuma kinapoingia mpinini, jinsi palivyogongwa juzijuzi. Alicheka mpaka akakohoa. Na wewe ukacheka, baba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

Tangu siku hiyo tukawa watu wa kutafuta majambia ya vita. Ulikuwa unaendesha baiskeli, mimi nimekaa nyuma, tunaulizia vijiji vya Handeni ambako majeshi ya Mdachi na Mwingereza yalipita. Watu walikuwa nayo. Mmoja alilipata akilima, mwingine alikuwa anachunia mbuzi kwa singe ya Mwingereza bila kujua ni nini. Mke wa karani wa mizani alikuwa amenifundisha kusoma na kuandika, basi nikawa naandika kikaratasi kwa kila kimoja: kimetoka wapi, kilikuwa cha nani, nani ametueleza. Nilikuwa nakifunga mpinini kwa uzi wa singa.

"Mimi sijui kusoma," uliniambia, "lakini nikikuona unaandika, nahisi kama watu hawa wamerudi wamekaa nasi."

Ulisema hivyo. Sikuyazua mimi.

Mwaka wa pili sanduku letu lilikuwa na tisa. Ndipo tulipokwenda Kwamsisi kumwona bibi, mama yake mama. Alitukaribisha, akatupa uji, na usoni mwake niliona hakukufurahia wewe. Hakukupenda tangu zamani, nawe ulijua. Baada ya kula akaingia ndani akatoka na kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kaniki.

Ilikuwa singe iliyokatwa ikafupishwa, imenolewa pande zote mbili, mpini umefungwa waya. Jambia la mjomba Salehe, mwanawe wa pekee wa kiume. Alichukuliwa askari akiwa kijana, akafa mahali ambapo mpaka leo hakuna anayepajua, na mwenzake wa kikosi alitembea siku nyingi kumletea mama yake kisu hicho. Hakuna kaburi, baba. Bibi alikuwa na kile tu.

"Kinaliwa na kutu," akasema, "na macho yangu hayaoni vizuri. Nasikia mnajua kuvitunza." Akanyoosha mkono, akakupita wewe, akaniwekea mimi mapajani. "Namkabidhi huyu. Sijampa, nimemkabidhi. Nikikitaka nitakiita."

Nikamwambia, "Bibi, hakitatoka nyumbani kwetu."

Wewe ulikuwa umekaa pale pale. Ulisikia.

Sasa nifike kwenye lililonichoma. Meneja mpya wa shamba la mkonge alikuja, Mzungu aliyepigana vita ile upande wa Mwingereza, naye alikuwa na desturi ya kuwapenda askari wa zamani, hata wale waliokuwa adui zake. Mzee Kombo alipewa barua ya sifa na posho nzuri kabla hajarudi kwao Pangani. Nilikuona ulivyotazama jambo lile. Baada ya muda ukaniambia kikaratasi cha jambia la mjomba kimeingia mafuta, niandike kingine.

"Niandike yale yale?"

"Andika: Cha Ramadhani, askari."

"Lakini ni cha mjomba, baba."

"Mtunzaji ni mimi. Kikipotea, watajua wamrudishie nani. Na hilo neno askari ni la kumtisha mwizi."

Nikaandika. Baba, niliandika kwa mkono wangu huu, nikakifunga vizuri, nikakata uzi kwa meno. Wewe hukwenda vitani hata siku moja. Ulinieleza mwenyewe jinsi ulivyojificha porini askari wakikamata watu wawe wapagazi, ukila mizizi, na sikuona aibu yoyote ndani yake. Nilifurahi kwamba ulipona, ukanizaa mimi.

Haukupita mwezi ukaja na habari kwamba umefanywa nyapara mkuu na tunahamia nyumba ya bati. Nilikimbilia sanduku nilibebe kwanza, nikainuka nalo kwa urahisi. Lilikuwa tupu.

"Vipo kwa meneja," ukasema bila kunitazama. "Huko vitatunzwa vizuri kuliko kwetu."

"Na cha bibi?"

Ukatoka nje.

Asubuhi nilikwenda peke yangu kwenye nyumba ya meneja. Mpishi alinizuia, lakini meneja mwenyewe alikuwa anakunywa chai barazani, akaniita nipande. Vyote vilikuwa ukutani, vimepangwa kwa mstari, na vikaratasi vyangu vinaning'inia. Cha mjomba kilikuwa katikati.

"Wewe mtoto ya Ramadhani?" akasema kwa Kiswahili chake. "Baba yako askari hodari. Mimi na yeye tulipigana, sasa marafiki."

Nikanyoosha kidole ukutani. Nikasema, "Bwana, baba hakupigana. Kile cha katikati ni cha mjomba wangu. Amekufa. Mama yake yuko Kwamsisi, anakingoja."

Aliweka kikombe chini. Sikuona hasira. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba miaka yote hii: "Baba aje aseme yeye mwenyewe. Akisema, nitatoa."

Nilikimbia mpaka kiwandani. Nilikufuata katikati ya kelele za korona, nikakushika mkono mbele ya watu wako, nikakuvuta nje. Nilikuwa karibu kucheka kwa furaha, kwa sababu jambo lilikuwa dogo sana.

"Baba, twende ukaseme. Amesema atatoa. Useme tu kwamba ni cha mjomba."

Ukajipangusa uso. "Nikisema hivyo, kesho asubuhi nitakuwa nani?"

"Utakuwa baba yangu."

Ulinitazama, na kwa kitambo nikadhani unakuja. Kisha ukasema, "Nenda nyumbani ukachote maji, Mwantumu," ukarudi ndani.

Watu wanadhani nilikasirika kwa sababu uliwapa Wazungu vitu vyetu. Hapana. Mtu aweza kukosea akiwa na tamaa, au akiwa amechoka kujikuna mikono. Hilo ningelisamehe kabla ya jua kuchwa. Lakini mlango ulifunguliwa, baba. Ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na mimi nilikuwa nimekushika mkono.

Nilikwenda Kwamsisi, sehemu kwa lori, sehemu kubwa kwa miguu. Nilimkuta bibi anapepeta mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajaniuliza habari nikamweleza yote, hata kikaratasi nilichoandika. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Baba yako amekutuma uje uniambie?"

"Hapana, bibi."

"Basi umekuja kwa miguu yako." Akapangusa makapi kwenye kanga. "Nawa mikono, ule."

Sikuondoka tena kwake. Ulituma watu mara mbili, ukatuma na kitambaa cha gauni, nikakirudisha. Meneja akamaliza muda wake akarudi Ulaya na makasha yake yamepigiliwa misumari, na tangu hapo hata kama ungetaka kusema, pasingekuwa na wa kumwambia. Bibi alikufa masika moja, usiku wake wa mwisho akiniita mimi Salehe. Nikawa naitika. Nimeolewa, nimezaa, nimelima shamba lake. Kuna miaka nilikaa bila kukuwaza kabisa, na kuna siku nilisikia baiskeli ikipita njiani nikainua kichwa.

Kisha zikaja habari zako. Nilifika Ngombezi umekwisha kuzikwa. Mama mdogo, mkeo, alinipokea vizuri, Mungu ambariki. Tulilia pamoja kwenye mkeka ule mmoja. Sikuja na neno moyoni, na katika hilo sisemi uongo. Lakini siku ya hitima nyapara aliyekurithi akasimama uani mbele ya wanaume wote, akasema shamba limempoteza askari aliyemwaga damu vitani, na kwamba mpaka Mzungu aliheshimu jambia lake. Watu wakaitikia. Watoto wako wadogo, ndugu zangu nisiowajua, walikuwa wamekaa mbele na vifua vimewajaa.

Kwetu mwanamke hasimami matangani kusema mbele ya wanaume. Nilisimama mlangoni. Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilifika uani kote.

"Baba yangu hakwenda vitani," nikasema. "Alijificha porini, na alifanya vyema, ndiyo maana mimi nipo. Aliyekwenda ni mjomba wangu, Salehe wa Kwamsisi. Jambia lilikuwa lake. Hakurudi."

Mama mdogo akageuza uso ukutani. Mmoja wa wadogo zangu akaanza kulia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, maana nilimnyang'anya baba aliyekuwa naye, na sikuwa na mwingine wa kumpa.

Kisha mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee asiyenijua wala asiyemjua Salehe, akainua mikono kuomba dua. Akasema, "Mola amrehemu Ramadhani." Mikono ikiwa bado juu, akaongeza, "Na amrehemu Salehe." Na watu wote, hata yule nyapara, wakasema amina.

Baba, sijakusamehe. Nakuombea kila Ijumaa, lakini naona kukuombea ni kitu kimoja na kukusamehe ni kingine, na hicho cha pili hakijaja. Nimewaalika wadogo zangu Kwamsisi baada ya mavuno. Wakija, nitawaeleza jinsi ulivyocheka na Mzee Kombo mpaka ukashika mbavu, ili nao wakupate kidogo.

Lala salama, baba.

Mimi binti yako wa kwanza,
Mwantumu