Gunia Chini ya Kitanda

3 Machi

Binti yangu,

Natumaini hujambo na kazi kwenye kitalu cha miche inakwenda. Mimi nipo tu, goti linanisumbua kama kawaida yake. Tangu tumzike mama yako mwezi wa kumi na moja, sisikii huzuni wala furaha. Nakula, nalala. Wewe hukuja, basi, yamepita.

Nakuandikia juu ya mierezi sita aliyoipanda mbele ya nyumba. Ncha zinakauka, zimekuwa rangi ya chai, na maji namwagilia kila siku. Nimekutilia kitawi kwenye bahasha. Isife, tafadhali. Ndiyo iliyobaki ya mkono wake.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Pole na goti. Kitawi nimekipasua: ndani ya jani mna kiwavi mdogo kuliko punje ya mchele, anakula katikati anaacha ganda. Baadaye anageuka nondo, anaruka na kutaga kwenye majani mabichi. Kata ncha zote kavu, uzichome siku hiyo hiyo.

Kuhusu mazishi, nilifunga begi, nikalikalia mpaka gari la kuja huko likaondoka. Sina zaidi ya hayo.

Mwanao

8 Juni

Binti yangu,

Habari za siku nyingi? Goti limetulia kidogo, labda kwa kupanda ngazi. Nilikata ncha siku mbili nzima, jirani akinishikia ngazi na kunicheka. Kuchoma nikashindwa. Nichome mti wa mama yako kama takataka? Nikazitia guniani, nikasukuma gunia chini ya kitanda, upande wake.

Juzi chumba kikajaa nondo. Nikajua wamefuata nguo zake kabatini. Nikafungua dirisha, nikawafukuza kwa taulo hadi wa mwisho, nikajisifu kweli kweli. Barua yako niliikumbuka baadaye, nikinywa chai. Dirisha lile linatazama mierezi.

Niambie kama kuna dawa.

Baba yako

30 Novemba

Binti yangu,

Hujajibu, naomba iwe ni kazi tu, si ugonjwa. Mimi mzima.

Mierezi imekauka yote sita. Jana alikuja fundi wa msumeno, nikamshikia kamba. Sikutoa hata chozi. Safari hii nimechoma kila kitu, na gunia pia.

Ile habari ya begi nimeielewa sasa. Mimi nilishindwa kuwasha kiberiti.

Kutoka kitandani sasa naona barabara yote mpaka kituoni. Ukishuka nitakuona.

Baba yako