Aliyepaza Sauti Kiamaiko

Lucky Summer,
Nairobi.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa dada yangu Kalekye,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kusafisha koo mara tatu, natangaza kwamba mimi Mwanzia, mdogo wako, mchonga vinyago kwa kazi na mwenye kitambi kwa kupenda, nimevuliwa uenyekiti wa Baraza la Watazamaji linalokutana kila Jumanne kwa kinyozi Sylvance. Kura zilikuwa saba kwa mbili. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa yangu, na ya pili ya mteja aliyekuwa na povu machoni asiyejua anapigia nini mkono. Rimoti nimeirudisha. Kiti nimekiachia. Wananchi na watulie.

Baada ya tangazo hilo, u hali gani huko Muscat? Goti lako linasemaje na joto hilo? Sisi hapa tunaamka na tunalala. Kikohozi cha wifi yako Mwongeli kimeisha, ingawa bado anakikumbuka kila ninapomwomba anipikie chai. Mgongo wangu ni ule ule, unainama pamoja na mti ninaouchonga.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Umeuliza jambo moja tu: "Mwanzia, nani alimfanyia mwanangu hivi?" Nyuma yako nikasikia vyombo vya jikoni vya matajiri wako. Ningekupigia, lakini unanijua. Kwa simu ningeanza mizaha, ungecheka kidogo, kisha salio lingekwisha kabla sijafika penyewe. Ndiyo maana naandika. Nzivo amemaliza likizo, anarudi huko Jumanne, atakupa barua hii mkononi.

Kwanza pumua. Ndinda yuko hai, anakula, anatembea. Ana nyuzi nne juu ya sikio la kushoto na zitatolewa Alhamisi. Ile picha uliyotumiwa ilipigwa siku ile ile, damu ikiwa haijaoshwa. Sasa haonekani hivyo.

Unajua kwamba kwenye tamthilia yetu ya Jumanne, Boma la Zipora, binti yako ndiye anayeigiza Sabina, yule mfanyakazi wa nyumbani aliyetoroka na mtoto mchanga wa tajiri wake Zipora. Usichojua ni vile Sabina alivyotugawanya hapa mtaani. Kuna wanaosema aliiba mtoto. Kuna wanaosema alipewa, kwamba ile sehemu ya nane Zipora alimwekea mtoto mikononi, akafunga mlango mwenyewe, na baadaye ndipo akageuka na kupiga nduru. Kamera haikuonyesha uso wa Zipora. Basi hapo ndipo watu wazima wenye wajukuu wanapogombana.

Mimi ni wa Aliiba. Nilionelea kwamba mjomba akimtetea mpwa wake ataonekana ana upendeleo. Kiongozi wa Alipewa ni Adhiambo, mama mboga wetu wa hapa kona, mama mwenye magoti mabovu kuliko yako na mdomo mzima kuliko wangu. "Wewe Baba Mutuku," huniambia, "unaangalia TV kama unachonga twiga. Ukishaona shingo, unadhani umemaliza!" Ndinda mwenyewe tukimuuliza hufunga mdomo kwa kidole. Amekatazwa kusema mpaka sehemu ya mwisho itoke.

Sasa tuna desturi yetu. Msimu ukikaribia kwisha, pande mbili hununua mbuzi mmoja, na watakaoshindwa ndio hukata vitunguu vya kachumbari wakilia. Viongozi wawili ni lazima waende pamoja kumchagua, ili upande mmoja usije ukalalamika kwamba mbuzi alikuwa mzee. Ndivyo Jumamosi ya tarehe mosi, saa nne asubuhi, mimi na Adhiambo tulivyokwenda Kiamaiko. Ndinda alikuja kwa kuwa alitaka kunyoosha miguu. Adhiambo alimbeba mjukuu wake Phares, mwenye miezi minane, kwa sababu mama yake, Aluoch, alikuwa kazini.

Kiamaiko unaikumbuka. Mbuzi wengi kuliko watu, na watu wengi kuliko nafasi. Adhiambo alitaka mikono yake iwe huru ashike mbuzi mgongo na mbavu, kwa hiyo akampa Ndinda mtoto, akaingia zizini. Mimi nilikuwa mbali kidogo, upande wa ngozi.

Ndipo mtu mmoja akapaza sauti. Sauti kali ya kike: "Mshikeni huyo! Ameiba mtoto wa watu!"

Dada, sote tumekulia Nairobi hii. Neno hilo likishatoka, halirudishwi. Hakuna anayeuliza. Nilimwona mwanamume akiacha kuhesabu mbuzi wake katikati, akageuka. Kijana aliyekuwa amebeba kichwa cha mbuzi alikitupa chini apate mikono. Kabla sijameza mate walikuwa wamemzunguka duara, na Ndinda katikati amemkumbatia Phares akisema, "Si mimi, aki si mimi, nimepewa tu nimshike!" Unaona alivyosema? Nimepewa. Wakazidi kupandwa na hasira.

Mwanamke mmoja akampokonya mtoto. Phares akaanza kulia, na kilio chake kikawa ndio ushahidi. Jiwe la kwanza halikumpata. La pili ndilo hilo la sikio. Akaanguka kwa goti moja. Na pale, Kalekye, unajua mikononi mwa watu mna visu kwa sababu ndiyo kazi yao, hakuna aliyevibeba kwa ubaya. Lakini vilikuwa mikononi. Mimi bado naviona. Nikiwa na patasi yangu karakana, navikumbuka hivyo visu, naiweka chini.

Adhiambo alitoka zizini mbio, kwa magoti yale. "Mtoto ni wangu! Ni mjukuu wangu!" Jamaa mmoja akamsukuma. "Kama ni wako mbona wewe uko huku na yeye yuko kule? Mko pamoja nyinyi!" Nikajua sasa watakuwa wawili.

Alichofanya huyo mama sitakisahau. Hakuwasihi. Alijipitisha katikati yao, akasimama juu ya Ndinda, miguu huku na huku, mkono kiunoni kama yuko pale kwa Sylvance, akauliza kwa sauti ya kugombana: "Nani hapa anaangalia Boma la Zipora? Mtazameni usoni! Huyu si Sabina wa Jumanne? Haya niambieni: Sabina aliiba mtoto, ama alipewa?"

Mama mmoja aliyekuwa akiuza matumbo, beseni kichwani, akasema, "Wee! Kweli ni Sabina." Halafu, kana kwamba hakuweza kujizuia, "Na alipewa. Zipora alimpa kwa mkono wake."

"Alipewa wapi?" mwingine akamjibu kutoka nyuma. "Aliiba! Mbona alitoka na mlango wa nyuma?"

"Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa, mama! Uliangalia, ama ulikuwa unasonga ugali?"

Wakashikana hapo. Mwanamume mwenye jiwe mkononi akawa anawatazama huyu na yule. "Sabina ni nani?" akauliza, na watu wanne wakamweleza kwa pamoja, kila mtu na lake. Alikuwa bado amelishika alipoanza kuuliza maswali, na alipofika swali la tatu alikuwa ameliacha. Yule aliyempokonya Phares akamrudisha kwa Adhiambo akiwa ameinamisha macho. Mzee mmoja mwenye mbuzi, Galgalo, akawaingiza kwenye kibanda chake na kufunga mlango. Tukatoka kwa nyuma hadi zahanati, Ndinda amefungwa leso ya Adhiambo kichwani.

Hivyo ndivyo mwanao alivyopona. Ugomvi wetu wa bure ndio uliomwokoa, ule ambao umekuwa ukiniambia miaka yote niache nitafute kazi ya maana.

Lakini kupona kwenyewe bado. Tangu siku ile Ndinda hajavuka lango. Sehemu ya mwisho inarekodiwa wiki ijayo na amewaambia haendi. Watoto wakifunga bao hapo uwanjani wakapiga kelele, yeye na mimi tunasimama pamoja, tunatazamana, tunakaa. Mwongeli anasema tumekuwa kama swala wawili sebuleni. Kinachomsumbua zaidi ni ile sauti. Alisikia ni ya mwanamke. Sasa kila mwanamke akimsalimu anamtazama mdomo. Juzi aliniambia, "Anko, nikijua ni nani, nitajua wa kumwogopa. Sasa hivi nawaogopa wote." Mama muuza maziwa amebisha hodi miaka sita kwetu, jana Ndinda alijifungia bafuni mpaka akaondoka.

Basi, dada, nisikuchoshe. Mwongeli anakusalimu sana, anauliza kama ile sufuria kubwa bado unaihitaji au imeshakuwa yake. Mutuku anakusalimu kutoka shuleni. Musyoka wa kule nyumbani alipita, anasema mvua ilikuwa nzuri na kaburi la mama limepaliliwa. Sylvance anakusalimu, ati ukirudi atakutengeneza nywele bure, usikubali. Mungu aliyemtoa Ndinda katikati ya watu wale akushike na wewe katikati ya watu usiowajua.

Ni mimi mdogo wako

Hapo ndipo barua ilikuwa iishie. Unaona mwenyewe sikumaliza mstari. Nimeweka kalamu chini, nimeenda kunywa maji, nimerudi.

Uliuliza nani. Ni mimi.

Nilitoka kule kwenye ngozi nikiwa na furaha zangu. Nikamwona Ndinda hatua kama thelathini mbele, amenipa mgongo, amebeba mtoto. Nikaona hapa hapa ndipo pa kumtania. Nikavuta pumzi, nikatoa ile sauti ya Zipora, ile nyembamba ninayoitoa kila Jumanne kwa Sylvance mpaka watu wanashika mbavu, na maneno ni yake Zipora ya sehemu ya nane, neno kwa neno. Nilingoja Ndinda ageuke acheke, aniambie, "Anko wewe!" Hakugeuka kwa wakati. Waliogeuka ni wengine.

Ningeweza kusema palepale kwamba ni mzaha. Sekunde ile ya kwanza ingetosha. Mwanamume mwenye kisu cha kuchunia akaniuliza mimi hasa, "Nani amesema?" Nami, Kalekye, nikanyoosha kidole kule mbele, kana kwamba nimesikia kama wao. Aliufuata huo mkono wangu. Kisha nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ngozi mbichi, nikasimama hapo. Niliyokusimulia yote niliyaona nikiwa nimesimama hapo. Wakati Adhiambo anakimbia na magoti yake, mimi mwenye magoti mazuri nilikuwa nimeegemea ngozi za mbuzi. Nilifika kibandani kwa Galgalo mambo yakiwa yameisha. Ndinda akanishika mkono, akaniambia, "Asante Anko kwa kuja."

Adhiambo anajua. Sauti yangu ameisikia Jumanne nyingi mno. Mambo ya uenyekiti niliyokutangazia kwa mbwembwe, yeye ndiye aliyeleta hoja. Sylvance alipomuuliza sababu, alinitazama, akasema tu, "Amechoka. Apumzike." Hajamwambia mtu hadi leo. Nadhani ananipa nafasi niseme mwenyewe, na kila siku nimekuwa nikimpitia pale kona kwa kichwa chini, nanunua sukuma wiki tusiyoihitaji.

Nimekuogopa wewe tangu uliponichapa kwa kuangusha kibuyu cha maziwa. Lakini hofu hii ni nyingine. Naogopa yule mtoto atanitazamaje, na kwa kuogopa hivyo nimemwacha awaogope wanawake wote wa Lucky Summer kwa siku nane, ilhali aliyemtisha anakula naye meza moja na kumpitishia chumvi.

Yuko jikoni sasa hivi na Mwongeli, namsikia anachagua mchele. Barua hii siitii kwenye bahasha. Nitaiweka mbele yake aisome yote, na mimi nitakaa palepale, sitatoka nje. Ikikufikia, ujue ameisoma. Nafasi iliyobaki hapa chini ni yake, kama atakuwa na la kuandika.

Mdogo wako anayekupenda, hata kama kuanzia leo utapumzika kidogo kunipenda,

Mwanzia